Kilemba cha Dresa Karisa

Mgongo wa Dresa Karisa ulikuwa mpana, na wanagenzi wake waliujua kuliko walivyokijua kidonda chochote. Alipofunga bendeji aliwapa mgongo. Alipopima dawa, mgongo. Na aliposhika sindano na uzi kushona nyama ya mtu, hapo ndipo alipojitanua hasa, viwiko huku na huku kama kuku anayeatamia mayai, hata mwanagenzi aliyesimama nyuma yake na beseni la maji moto asione ila shati jeupe na jasho lililotanda katikati.

"Umeona?" aliuliza kila alipomaliza.

"Nimeona, fundi."

"Umeona nini?"

Na hapo kila mmoja alinyamaza, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa: nimeuona mgongo wako.

Serikali ilimlipa Karisa afunze wengine udresa, kazi ya kusafisha na kushona vidonda. Ndiyo kazi aliyoletwa kuifanya katika hospitali yetu hii ya kusini, baada ya kuhamishwa kutoka hospitali nyingine ambayo, ukimsikiliza mwenyewe, ililia siku alipoondoka. Lakini Karisa alikuwa na akili ya fundi wa zamani: ukimfunza mtu kazi yako yote, kesho atakaa kitini pako. Basi aliwafunza wanagenzi mambo yasiyo na hatari. Aliwafunza kufua kaptula zake, kumvushia baiskeli penye matope, na kulima muhogo wake kule Bongwe. Katika kilimo cha muhogo, hospitali ile ilitoa wahitimu wazuri sana.

Kibwana wa Mwabungo ndiye aliyekaa nyuma ya mgongo ule muda mrefu kuliko wote. Alianza kabla ya kuoa. Sasa alikuwa na mke, watoto wawili na mama mzazi chini ya paa la makuti lililovuja upande wa jikoni. Alikuwa mtu mpole. Wapo watu wapole kwa imani, na wapo wapole kwa sababu hawajui kukasirika. Kibwana alikuwa wa pili.

Ijumaa moja alirudi nyumbani jembe begani, tope magotini. Mama yake, Bi Mwanasha, alikuwa ukumbini anasuka ukili wa mkeka. Mkewe, Mwanatumu, alikuwa anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ijumaa ya leo umeswali wapi, mwanangu?"

"Niliswali shambani."

"Shamba la nani?"

"La fundi."

"Basi na thawabu zimekwenda kwa fundi," alisema Bi Mwanasha, akaendelea na ukili wake.

"Na jembe lenyewe ni letu," Mwanatumu alidakia bila kuinua kichwa. "Juzi nimempelekea mkewe samaki. Chungu kimerudi na salamu: mara nyingine tuchague wasio na miiba."

Kibwana alikaa kizingitini, akaanza kubandua tope kwa kijiti. Alikuwa na habari, na habari ilimwelemea. Kulikuwa na kozi, alisema. Kozi ya mwaka mzima, Nairobi, katika hospitali kubwa. Nafasi moja tu kwa hospitali yao. Atakayekwenda atarudi dresa kamili, na sare, na mshahara wa dresa. Wasiokwenda hawatagusa tena meza ya bendeji. Watarudishwa kwenye bakuli za wagonjwa, kumwaga na kuosha, mpaka Mungu awachukue.

"Na nani anayechagua?" Mwanatumu aliuliza. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya nazi.

"Bwana Kofiambili."

Huyo alikuwa daktari wa Kizungu, aliyevaa kofia mbili moja juu ya nyingine ili jua la Diani lisimpikie ubongo.

"Kofiambili anakujua wewe?"

"Hanijui. Atakayemwambia ni fundi. Fundi akisema Kibwana amekwiva, basi ni Kibwana."

"Na fundi amesemaje?"

Kibwana alilitazama tope lake. "Amesema anataka kilemba."

*

Asiyejua mambo ya pwani aelezwe. Mwanagenzi wa useremala, wa ushoni, wa kazi yoyote ya mkono, akishahitimu humpa fundi wake kilemba: nguo nzuri, na chakula mbele ya watu, ili fundi atamke kwamba huyu sasa ni fundi mwenzangu. Ni jambo la heshima. Fundi hufunza kwanza, kilemba hufuata. Ni Karisa peke yake aliyegundua kwamba kilemba chaweza kutangulia, na mafunzo yasifuate kabisa.

Alikuja mwenyewe kukagua nyumba. Aliegemeza baiskeli mlangoni, akapewa kiti, cha pekee kilichokuwapo, na maji ya madafu. Alikunywa dafu la kwanza akilitazama dafu la pili.

"Nisikilizeni vizuri," alisema. "Mimi sili rushwa. Rushwa ni dhambi kwetu na haramu kwenu. Hii ni ada. Mimi nimezikuta ada za watu wa pwani nikaziheshimu. Ningeweza kuzidharau."

"Tunashukuru, Bwana Dresa," alisema Kibwana.

"Unashukuru nini?" Mwanatumu alimnong'oneza, akambana kidole cha mguu.

"Sasa nguo," Karisa aliendelea, "iwe bafta nyeupe, nyororo. Msiniletee amerikani, inaniwasha kichwa. Na mbuzi. Kuku mmoja kwa mtu kama mimi, majirani watasemaje juu yenu? Mimi nawaonea ninyi aibu, si nafsi yangu."

"Na kozi, Bwana Dresa?" Bi Mwanasha aliuliza. "Ni hakika?"

"Mama, Kofiambili haoni ila kwa macho yangu. Nikimwambia huyu ni mbuzi, atamtafutia majani."

Alicheka peke yake. Akaondoka na madafu yaliyobaki yakiwa yamefungwa nyuma ya baiskeli, na Kibwana akaisukuma ile baiskeli mpaka njia kuu kwa sababu mchanga ulikuwa mwingi.

Mbuzi alikuwapo: jike wa maziwa, mali ya Mwanatumu, aliyotunzwa na nduguze wa Kikoneni siku ya harusi yake. Mwanatumu alilia kidogo, akakubali. Bafta ndiyo haikuwapo.

Baada ya chakula cha mchana Bi Mwanasha aliingia chumbani, akavuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda. Alipolifungua, harufu ya karafuu maiti ilijaa nyumba nzima. Mwanatumu alikuja mbio na mkono wenye unga.

"Mama! Hiyo si..."

"Naijua ni nini. Nimeinunua mimi, kwa mikeka yangu."

Ilikuwa sanda yake. Wazee wengi wa kwetu hujiwekea. Hawapendi kufa wakawa mzigo wa kuchangiwa. Bafta nyeupe, imekunjwa vizuri, na vipande vya karafuu maiti, ile wanayotiwa wafu, katikati ya mikunjo kama mawe ya chumvi.

"Nguo ya akhera, mama! Utaikata?"

"Akhera wana subira," alisema Bi Mwanasha. "Karisa hana. Nipe mkasi."

Kibwana alirudi jioni akaikuta nguo imekunjwa juu ya sinia. Aliinusa, akaijua, akatazama miguu yake. Aliuliza kama kuna maji ya kuoga. Huyo ndiye Kibwana.

*

Siku ya kilemba nyumba ilijaa. Mwabungo hatuna haja ya mwaliko. Moshi wa pilau ni mwaliko tosha. Walikuja waliomtakia Kibwana heri, na walikuja waliomtakia mbuzi heri, na hawa wa pili ndio waliokuwa wengi. Karisa aliketi katikati ya mkeka. Alizungushiwa ile bafta kichwani mizunguko mingi, mpaka akafanana na chungu kilichofunikwa. Hakuwa Mwislamu, hakuwa shehe, hakuwa harusini, lakini kilemba alikipenda kuliko maulamaa.

Hapo ndipo joto la kichwa lilipoanza kufanya kazi yake, na harufu ikapanda.

Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa ameketi kulia kwake, aliliacha tonge njiani. Alimtazama Karisa. Alikitazama kilemba. Alisogea nyuma kidogo. Mazungumzo yakapungua, mkeka mzima ukapiga chafya moja baada ya nyingine. Jikoni wanawake walijaza leso vinywani.

"Jamani," alisema Mwanapili, jirani ambaye siri kwake ni kitu cha kugawia watu, "leo nimeona maiti anakula pilau."

"Nyamaza, Mwanapili, utaniua," alisema mwenziwe.

"Nikuue uzikwe na nini? Sanda ya mtaa iko kichwani kwa dresa."

Karisa peke yake hakushuku neno. Pua yake ilikwisha kuzoea kule hospitalini chupa za dawa ya kuchua, ambayo nayo hutiwa karafuu maiti. Aliigusa nguo kwa kiganja, akatabasamu.

"Yanukia vizuri. Kama dawa ya kuchua."

"Ni heshima yako, Bwana Dresa," Mwanapili alijibu kutoka mlangoni, na jikoni kukaanguka sufuria.

Kisha Karisa akasimama kutoa hotuba. Alisema kijana huyu ni mikono yake mwenyewe. Alisema hakumficha kitu. Alisema wako mafundi wachoyo duniani, wanaofunika kazi yao kama chungu cha nyama, na Mungu atawauliza. Watu waliitikia amina, wengine kwa sauti nzito ya nyama, na Bi Mwanasha aliitikia pia, macho yake juu ya nguo yake.

*

Siku ya kuchaguliwa, Kofiambili aliingia wodini na mgeni kutoka Nairobi, mkubwa wa mafunzo, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni. Kwa bahati mbaya asubuhi ile alikuwa ameletwa Randu mgema, aliyejikata paja kwa panga lake mwenyewe akiwa juu ya mnazi. Alikuwa amelala mezani, anasubiri, anawasalimia wapitao.

"Hii," alisema Karisa, akimsukuma Kibwana mbele, "ni mwanafunzi yangu namba moja. Mimi nimefundisha yeye kila kitu." Kwa Kofiambili alizungumza Kiswahili cha Kofiambili.

"Muzuri," alisema Kofiambili. "Yeye nashona huyu."

Karisa alikuwa na majibu mengi tayari, lakini si kwa hilo.

Kibwana aliosha mikono. Hilo alilijua. Alitoa sindano katika maji yanayochemka. Hilo pia. Akaenda mezani, akainama juu ya paja la Randu, na hapo akafanya kitu kimoja alichokiona kila siku kwa miaka yote ile, akakifanya bila kosa hata dogo: alitanua viwiko, akawapa wakubwa mgongo.

Kofiambili alikohoa. Akazunguka upande wa pili wa meza ili aone. Kibwana, kwa adabu kubwa, akageuka naye. Yule mgeni mwembamba akaja kwa kushoto. Kibwana akamfunika kwa kiwiko. Walizunguka meza namna ile kama watu wanaocheza ngoma, na Randu katikati akiwafuata kwa macho.

"We Kibwana," alisema Randu, "unanishona au unanificha?"

Sindano iliingia mahali pasipo pake.

"Wallahi we! Mimi si gunia!"

Iliingia tena, ikatokea upande ambao haikutakiwa. Jasho lilimdondoka Kibwana kwenye kidonda. Kofiambili alinyoosha mkono, akaichukua sindano, akamaliza kazi mwenyewe, mgongo wake ukiwa wazi kwa ulimwengu wote na mikono yake ikionekana kutoka kila upande. Kibwana aliangalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona mtu akishonwa.

Wale wakubwa walitoka barazani, wakazungumza Kizungu, wakavuta sigara. Kisha Kofiambili akawaita watu wote wa hospitali, akatoa hukumu.

"Hawa wanafunzi hapana jua kitu. Kwa nini? Kwa sababu mwalimu yao hapana jua kufundisha. Kwa hivyo mwalimu kwanza lazima nakwenda kusoma namna ya kufundisha. Karisa nakwenda Nairobi. Mwaka moja. Mshahara naongeza. Hawa nangoja."

Usifikiri umesoma vibaya. Serikali ilipima, ikafikiri, ikaona mwizi wa kuku hana ujuzi wa kufuga, ikampa banda.

Karisa aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kufikia mchana alikwisha waambia wagonjwa wa wodi tatu kwamba serikali hatimaye imeona kazi yake. Kufikia alasiri Kibwana alikuwa ana bakuli mbili mkononi, anaelekea chooni.

*

Waliokula mbuzi hawakukawia. "Lakini nyinyi nanyi," alisema mmoja, akipita mlangoni kwa Bi Mwanasha, "mlimpa kilemba mtu hata kabla hajafunza?" Huyo alikuwa amekula sahani mbili.

Jambo lililomuumiza Bi Mwanasha zaidi lilitoka ndani ya nyumba.

"Fundi amesema nisivunjike moyo," Kibwana alisema, wakiwa wanakula muhogo mkavu. "Akirudi atanikumbuka."

Mwanatumu aliweka tonge chini. "Atakukumbuka kwa muhogo. Nani atamlimia?"

"Ameniachia mimi shamba niliangalie."

Kibwana mwenyewe, baada ya kuyasikia maneno yake yakizunguka chumbani, alionekana kama mtu aliyekanyaga kitu uani.

Bi Mwanasha alinawa mikono. "Anasafiri lini?" aliuliza.

Siku ya safari, lori la hospitali lilisimama mbele ya baraza. Wagonjwa wenye miguu walitoka kuaga. Wasio na miguu walibebwa, maana mtu hakosi tamasha kwa sababu ya maradhi tu. Karisa alivaa koti, na juu ya koti, kichwani, bafta. Alikuwa anapeana mikono wakati Bi Mwanasha alipofika kwa miguu kutoka Mwabungo, vumbi kwenye pindo la buibui, na Mwanapili nyuma yake, ambaye hakuambiwa aje.

"Shikamoo, mama!" Karisa alinguruma. "Umekuja kuniaga."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua nguo yangu."

Kicheko kidogo kilipita, kikakatika.

"Nguo gani, mama?"

"Hiyo ya kichwani."

"Mama, mama," Karisa alisema kwa upole wa mtu anayetazamwa. "Hii ni ada yenu wenyewe. Kilemba cha fundi hakirudishwi."

"Cha fundi hakirudishwi. Wewe umemfunza nini mwanangu?"

"Nimemfunza nini!" Karisa aliwageukia watu, mikono juu. "Mwenyewe si yule? Kibwana! Njoo hapa. Mwambie mama yako. Miaka yote hii nyuma yangu, umeona nini?"

Kibwana alikuwa anatoka wodini na bakuli lililofunikwa kitambaa. Alisimama. Watu wote walimtazama, na mama yake pia. Aliliweka bakuli chini, taratibu, lisimwagike.

"Nimeuona mgongo wako, fundi," alisema.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayejibu swali, na ndiyo maana Randu mgema, barazani na paja lake lililofungwa, alicheka mpaka akashika nyuzi zake akilia kwa maumivu. Baraza zima likamfuata.

Bi Mwanasha hakucheka. "Nguo hiyo ni sanda yangu," alisema, na vicheko vikafa. "Niliikata kwa ajili ya mwanangu. Ukitaka kwenda nayo, nenda. Lakini nikifa kabla hujarudi nitazikwa bila sanda ya kutosha, na malaika wakiniuliza nguo iko wapi nitakutaja. Jina lako, na kazi yako, na hospitali yako."

Karisa aliinua mkono kichwani, mkono ukasimama hewani, haukutaka kugusa. Alivuta pumzi kwa pua, mara hii kwa makusudi, na tulimwona akiitambua ile harufu. Mtu aliyefunga macho ya maiti wengi wodini bila kutikisika alianza kujifungua kilemba kama aliyekuta nyoka ndani yake, mzunguko baada ya mzunguko, akarudi nyuma, ncha ikanasa kwenye komeo la mlango wa lori. Alivuta. Bafta ikapasuka, mpasuko mrefu.

Akaitupa, akapanda, dereva akapiga honi. Kofiambili alitoka ofisini kuuliza kelele ni za nini, akaambiwa watu wanamuaga mwalimu wao. "Muzuri," alisema, akarudi ndani.

Na Karisa alikwenda Nairobi, tusijidanganye. Alikwenda na mshahara ulioongezwa, kichwa kitupu. Yasemekana kule alisifiwa sana kwa heshima, kwa kuwa hakuvaa kitu kichwani mbele ya wakubwa.

*

Bi Mwanasha aliifua nguo kwa sabuni, akaifua tena kwa majivu. Harufu ya karafuu maiti ilitoka. Mafuta ya nywele ya Karisa hayakutoka. Aliianika uani kila mtu aone, na Mwanapili akahakikisha kwamba wameona.

Ilipokauka aliitandaza ukumbini mbele ya Kibwana, mpasuko juu. Akaweka sindano na uzi.

"Shona."

"Mama, kuna fundi cherehani pale..."

"Simtaki. Uliona alivyofanya yule Mzungu?"

"Niliona."

"Mara moja?"

"Mara moja."

"Ni zaidi ya ulizoonyeshwa na Karisa. Shona."

Kibwana aliokota sindano. Alipoinama juu ya nguo, mabega yake yalipanda yenyewe, viwiko vikatanuka, na mwili wote ukaanza kugeukia ukuta.

"Geuka huku," alisema Mwanatumu. "Hapa ni nani wa kukuibia?"

Aliona haya. Alivishusha viwiko, kimoja, kisha kingine, kama mtu anayevua nguo iliyombana. Akageuka, akashona mara moja, akavuta uzi, akatazama.

"Imepinda, mama."

"Naiona. Endelea. Atakayeivaa hatakulaumu."

Mwanatumu akauvuta mkeka, akakaa mbele yake, mahali penye kuona.